Simu Ilikaguliwa, Umiliki Haukukaguliwa: Kisa cha Mshonaji wa Majengo, Moshi

Mshonaji mmoja wa Majengo, hapa Moshi, alinunua simu iliyotumika kutoka kwa mtu aliyemwona kwenye kundi la kuuza na kununua mtandaoni. Walikutana mchana kweupe, penye watu, na hakwenda peke yake. Simu aliishika, akaijaribu, akakagua IMEI (namba tambulishi ya kifaa), ndipo akalipa. Ukichukua tahadhari wanazopewa watu wanaonunua vitu kwa wasiowafahamu, huyu dada alikuwa amezitimiza karibu zote. Wiki tatu baadaye simu ikajifunga yenyewe, kioo kikabaki na maandishi ya kampuni ya mikopo yakidai deni la mtu mwingine.

Simu hiyo ililetwa kwenye meza yangu ya ufundi, Mbuyuni, na ndivyo nilivyokijua kisa. Mwenyewe ameniruhusu nikieleze kwa sharti kwamba majina yasitajwe, lake wala la muuzaji. Kampuni iliyokopesha nayo naiacha bila jina, kwa sababu kampuni za namna hiyo ni nyingi na tatizo halikuanzia kwao. Ninachotaka kuonyesha ni jinsi mtu makini anavyoweza kujikinga na vibaka, na simu bandia, na tapeli wa "tuma kwanza", halafu akaumizwa na swali moja ambalo hakuna aliyemwambia aulize: hiki kitu ni cha nani?

Simu ya kazi

Ushonaji siku hizi unauzwa kwa picha. Dada huyu anashona magauni ya harusi na sare za kwaya. Akimaliza nguo anaipiga picha, anaiweka status, na wateja wanampigia kuanzia hospitali ya KCMC mpaka Himo. Simu yake ya zamani kamera ilishaharibika. Kitenge cha bluu kinatoka kijivu, na kuna mteja alikataa gauni lililokwisha akidai si rangi aliyoiona kwenye picha. Hapo ndipo alipoamua kutafuta nyingine. Samsung ya daraja la kati aliyoitaka ilikuwa inauzwa 420,000 madukani mjini. Yeye alikuwa na laki mbili na nusu, na uwezo wa kuongeza kidogo.

Tangazo la kwanza alilolipata lilikuwa la mtu aliyesema yuko Kariakoo. Simu hiyo hiyo, 180,000. Masharti: tuma nusu leo, simu inapakiwa kwenye basi la usiku, nikikupa namba ya risiti ya mzigo unamalizia. Akakataa. Alikataa bila kusita, na alikuwa na hoja nzuri: risiti ya mzigo inaonyesha kwamba boksi limepakiwa, haionyeshi ndani ya boksi kuna nini. Hapa Moshi wako watu waliofika stendi alfajiri kuchukua mzigo wao wakafungua boksi na kukuta kipande cha sabuni ya mche kimefungwa vizuri kwenye gazeti.

Naieleza hatua hii kwa sababu tukisikia mtu kapigwa, la kwanza tunalosema ni kwamba alikuwa na tamaa au hakuwa na akili. Huyu akili alikuwa nazo. Na nadhani kule kukwepa mtego wa Kariakoo ndiko kulikomlegeza. Alishajijengea picha kwamba tapeli ni mtu asiyeonekana, mwenye bei ya ajabu, anayetaka hela kabla ya bidhaa. Alipokuja mtu anayeonekana, mwenye bei ya kawaida, anayekubali kulipwa baada, moyo ukatulia.

Mtu wa Bomang'ombe

Tangazo la pili lilisema simu imetumika miezi mitano, haina mkwaruzo, boksi na chaji yake vipo, 300,000, maongezi yapo. Picha zilikuwa zimepigwa kwenye meza ya mbao yenye kitambaa cha kufuma, si zile picha safi za kunakili mtandaoni. Alipoomba picha ya simu ikiwa kando ya karatasi iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo, alitumiwa ndani ya dakika chache. Hilo ni jambo jema la kuomba, na wauzaji wa picha za kuiba huishia hapo.

Wakapatana 260,000. Muuzaji alisema anakaa Bomang'ombe na angekuja Moshi Jumamosi. Mshonaji ndiye aliyechagua mahali: kwa wakala wa pesa karibu na stendi, saa sita mchana, akiwa na kijana anayejifunza kazi kwake. Mahali pazuri. Ndani kuna watu, nje kuna watu, na wakala mwenyewe hapendi fujo mbele ya dirisha lake. Ningempa mtu yeyote ushauri huo huo, awe hapa Moshi au kule Arusha: usikubali kupelekwa "nyumbani, ni hapa tu nyuma", usikubali kubadilishiwa mahali dakika ya mwisho, na jioni usiende.

Muuzaji alifika na Hiace, akasalimia vizuri, akaweka boksi juu ya kaunta. Mshonaji akabonyeza *#06#. Tarakimu 15 zikatokea, akazilinganisha na zilizobandikwa kwenye boksi: ni zile zile. Akazituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, jibu likaja likitaja aina na toleo la simu, sawasawa na alichokishika.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana hatua hii inaaminiwa kupita kiasi. Ile huduma ya 15090 inatokana na mfumo wa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, wa kusajili namba tambulishi za vifaa vya mawasiliano, ule uliotumika Juni 2016 kuzima simu bandia nchi nzima. Unakuambia kama IMEI ni halali. Simu iliyoibwa, mwenyewe akitoa taarifa polisi kisha kwa mtandao wake, inaweza kufungiwa humo. Lakini kuna mambo mawili usiyoweza kukwambia. Simu iliyoibwa asubuhi, na mwenyewe bado hajatoa taarifa, mchana itajibu vizuri kabisa. Na simu inayodaiwa itajibu vizuri siku zote, kwa sababu deni si kosa la kifaa. IMEI ya mshonaji ilikuwa halali siku ile, na hadi leo ni halali.

Alipiga picha mbili, akaweka laini yake, akampigia kijana wake wakasikilizana, akapuliza kwenye kipaza sauti, akachomeka chaji. Yote sawa. Aliuliza risiti. "Dada, risiti ilipotea tulipohama." Akapita. Wengi tungepita, Tanzania hii watu wangapi wanatunza risiti ya EFD ya miezi mitano?

Kilichokuwa kwenye kioo

Akiwa anapekua programu ili aone ukubwa wa nafasi iliyobaki, alikutana na alama ndogo asiyoijua. Akaigusa kwa muda mrefu kama mtu anayetaka kuiondoa. Kitufe cha kuondoa kilikuwepo lakini kimefifia, hakibonyezeki. Akauliza. Muuzaji akajibu, "Hiyo ni ya kampuni ya simu, inakuja nayo, we iache tu."

Jibu lenyewe lina nusu ya ukweli, na ndiyo maana lilipita. Kila simu huja na programu zisizoondoka. Ila programu ya kiwandani isiyoondoka kwa kawaida inakubali angalau kulazwa, yaani kuzimwa bila kuondolewa, na haina mamlaka ya msimamizi wa kifaa. Hii ilikuwa nayo. Ingemchukua nusu dakika kuingia kwenye mipangilio, upande wa usalama, akatafuta orodha ya programu zenye usimamizi wa kifaa. Angelikuta jina la kampuni ya mikopo limekaa pale, limewashwa, na halizimiki.

Simu za mkopo ndivyo zilivyo. Mtu analipa kianzio dukani, anaondoka na simu, kisha anarejesha kidogo kidogo, mara nyingi kila siku, kwa pesa ya simu. Mkopeshaji hamjui sana mkopaji wala hana mali yake ya kushika, kwa hiyo anaishika simu yenyewe kwa mbali. Samsung wana mfumo uitwao Knox Guard: IMEI ya simu inaingizwa kwenye mfumo na mkopeshaji, na rejesho likikatika, amri inatumwa na kioo kinafungwa. Google nao wana programu ya Android iitwayo Device Lock Controller kwa kazi hiyo hiyo. Ukiifuta simu yote ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, haisaidii. Ikigusa intaneti tu inajulikana tena na usimamizi unarudi.

Hapo hapo ndipo lilipo jaribio ambalo mnunuzi wa simu asiliache. Muuzaji aondoe akaunti yake ya Google, simu ifutwe yote mbele yako, iwashwe upya na iunganishwe na intaneti ukiwa bado unaitazama. Simu yenye akaunti ya mtu itaidai akaunti ile ya zamani. Simu ya mkopo, mara nyingi, itaandika wakati wa kuwashwa kwamba inasimamiwa na fulani. iPhone nayo ikifungwa na akaunti ya mwenyewe itakudai nywila yake hata uifute mara kumi. Kazi yote hiyo haizidi nusu saa, na muuzaji mwenye gari la saa nane anaweza kupanda la saa tisa. Wa kwetu alisema bando lake limeisha. Mshonaji naye hakuwasha data, akiogopa simu mpya isije ikaanza kujisasisha na kumaliza bando la wiki.

Jina lisilofanana

Ilipofika zamu ya malipo, muuzaji alitoa namba nyingine, si ile waliyokuwa wakiongea. Mshonaji alipoandika namba na kiasi, kabla ya namba ya siri, jina likatokea: la mwanamke. "Ni ya dada yangu, ya kwangu ina tatizo." Akalipa.

Nimeshawasikia watu wakisema jina lisipofanana ni utapeli, kwisha. Sikubaliani. Katika maisha yetu hela inapita kwa shangazi, kwa mke, kwa jirani mwenye laini isiyo na deni. Baadaye ilijulikana kwamba laini ya muuzaji ilikuwa na mkopo wa pesa ya simu, na kila shilingi ikiingia inakatwa. Jina tofauti halikumaanisha wizi. Lilimaanisha kwamba huyu mtu ana madeni, na mtu mwenye madeni anapouza kitu, swali la kama kitu chenyewe kinadaiwa linakuwa na uzito. Mshonaji hakuuliza zaidi, naye wakala hakuwa na sababu ya kuuliza.

Hata hivyo kulipa kwa simu ndiko kulikomwokoa. Laini za Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Jina linalotokea si la kubuni. Angelitoa noti mkononi, leo angekuwa na kumbukumbu ya shati safi na Hiace, basi.

Alikumbuka pia kuomba waandikishane. Muuzaji akacheka: "Simu tu dada, mpaka mkataba?" Ikaishia hapo. Karatasi yenyewe haihitaji wakili. Jina kamili, namba ya kitambulisho, IMEI, bei, tarehe, sentensi moja kwamba simu ni mali ya muuzaji na haidaiwi na mtu yeyote, sahihi mbili na shahidi. Sentensi ile moja ndiyo yenye thamani. Mwizi anaweza kuisaini bila jasho. Mtu wa kawaida aliyebanwa na shida, na huyu alikuwa wa aina hiyo, kuandika kwa mkono wake "haidaiwi" kunamshinda.

Hesabu baada ya kufungwa

Simu ilifungwa asubuhi ya siku ya kazi, mteja akiwa amesimama anasubiri picha ya mishono. Kwenye kioo kulikuwa na namba ya huduma kwa wateja. Akapiga. Aliyepokea alimwambia kiasi kilichobaki, 295,500, ikiwa ni rejesho la 1,500 kwa siku, lakini hakumtajia jina la mkopaji. Alikasirika sana kwa hilo. Kwa kweli yule wa simu alikuwa sahihi: tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika 2023, kumtajia mtu baki jina la mteja ni kujitafutia kesi.

Alipokuja kwangu alikuwa na mawazo mawili. La kwanza lilikuwa kulilipa lile deni, simu ifunguke, mambo yaishe. Tukakaa tukapiga hesabu. Ameshatoa 260,000. Akiongeza 295,500 jumla ni 555,500, kwa simu ambayo dukani mpya ni 420,000. Hesabu hiyo kila mtu anaiona, lakini si ndiyo hesabu sahihi, kwa sababu laki mbili na sitini ilishakwenda, alipe asilipe. Swali lilikuwa hili: leo, kwa 295,500, anapata nini? Anapata simu ya miezi sita ambayo sokoni haifiki bei hiyo. Tena anaipata ndani ya mkataba wa mtu mwingine. Deni likiisha, anayetambulika kuwa mwenye simu ni yule aliyesaini dukani, si yeye. Nikamwambia asilipe hata mia.

La pili lilikuwa kuifungua kwa fundi. Nilikuwa nimemtangulia kujua kwamba keshaulizia, na kwamba kuna aliyemtajia 40,000. Mimi kazi hiyo siifanyi, na si kwa utakatifu. Wanaofungua wengine wanaizuia simu isiwasiliane na mfumo; ikijisasisha inarudi kufungwa na mteja anarudi kugombana. Wengine wanabadilisha IMEI, na hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Mnunuzi aliyekuwa na haki upande wake anageuka kuwa mwenye kifaa kilichochezewa, na ushahidi wake wote unakufa pale.

Kulikuwa na wazo la tatu ambalo aliniambia baadaye: kurusha picha ya muuzaji kwenye makundi yote ya Moshi na Arusha, juu yake maandishi TAPELI. Nafurahi hakufanya. Mbali na kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kumgeukia mrushaji ikiwa kuna neno lisilo kweli, mtu aliyeaibishwa hadharani hana tena sababu ya kupokea simu yako.

Jinai au madai

Alikwenda polisi, akapewa RB, ile namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni. Askari wa kaunta alimwambia jambo ambalo wengi huliona kama kufukuzwa: kwamba humo kuna jinai na kuna madai, na kama mtu anajulikana alipo, aanze kumwita. Tukilitazama kwa utulivu, askari hakukosea. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, lakini lazima ithibitike kwamba alidanganya akijua. Upande wa madai ni mwepesi zaidi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi ana haki ya kukiuza kile kitu, hata kama hakutamka. Hana haki hiyo, anarudisha hela. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya namna hii, na hakuna haja ya wakili.

Na je, muuzaji alijua? Nimelifikiria sana swali hili. Alikuwa ameshalipa kianzio cha 90,000 na marejesho ya siku 168, yaani 252,000. Jumla 342,000, akauza kwa 260,000. Ukiangalia hivyo, hajapata faida, ameuza mali yake kwa hasara. Ndivyo anavyojiona mwenyewe hadi leo: "Simu ni yangu, nimeilipia zaidi ya nusu." Lakini katika zile siku 168, kama ishirini hivi alizilipa kwa mkupuo siku moja kabla ya kuja Moshi. Anasema alitaka kujipa nafasi, ili hela ya simu iingie kwenye biashara na aendelee kurejesha bila mnunuzi kujua kitu. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba alinunua wiki tatu za kupotea. Mimi siwezi kuapa, na ndiyo maana namwita muuzaji, siyo tapeli.

Wako wengi kama yeye. Mwizi wa kweli anaogopa kaunta ya wakala, anaogopa kitambulisho, anaogopa mchana. Mtu anayeuza kisichokuwa chake kikamilifu haogopi kimojawapo, kwa kuwa moyoni hajioni mwizi. Pikipiki ambayo kadi yake iko kwa aliyekopesha, friji la mke aliyeondoka, kompyuta ya ofisi iliyobaki mikononi mwa mfanyakazi aliyeachishwa: wauzaji wake watakuja kwa wakati, watasalimia, watakuacha ukague mpaka uchoke.

Jambo jingine la kumwambia mshonaji lilikuwa kwamba ana bahati. Kama simu ingekuwa ya wizi, wa kwanza kuitwa angekuwa yeye aliyenayo mkononi. Kifungu cha 311 cha Kanuni hiyo hiyo kinamgusa anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, na bei ya kutupa ni kimojawapo cha vitu atakavyoulizwa.

Jinsi hela ilivyoanza kurudi

Namba ya muuzaji ilikuwa haipatikani. Siku mbili mshonaji aliipigia hiyo hiyo. Kijana wake wa kazi ndiye aliyesema, "Dada, mbona ile nyingine hujaipigia?" Ile iliyopokea hela.

Ikapokelewa mara moja.

"Shikamoo dada. Mimi ni fundi nguo wa Moshi, ndiye niliyetuma ile laki mbili na sitini ya simu."

"Marahaba mdogo wangu. Ya simu? Mbona aliniambia ameuza kuku?"

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka kuliko nilivyotarajia, na sababu ni namna mshonaji alivyoongea. Hakutukana. Alisema ana ujumbe wa muamala, ana RB, na jina lililoko kwenye vyote viwili ni la dada mtu, wala si la mdogo wake; na kwamba yeye angependa wayamalize kabla hajalazimika kurudi polisi. Yule mama hakuwa amekula senti ya hela ile, ila jina lake ndilo lililokuwa likisomeka. Wiki haikuisha, wakakutana Bomang'ombe kwenye ofisi ya mwenyekiti wa kitongoji.

Muuzaji alikiri deni. Hakuwa na hela yote. Laki moja ilitoka pale pale, ikatumwa kwa simu kila mtu akiona. Iliyobaki, 160,000, wakaandikishana elfu arobaini kila mwisho wa mwezi kwa miezi minne. Mshonaji alitaka kubaki na simu kama dhamana mpaka alipwe. Mwenyekiti alikuwa tayari kukubali. Nilikuwa nimemwonya asikubali hata akibembelezwa: simu iliyofungwa haina thamani mikononi mwake, na ni kitu ambacho mkopeshaji anaweza kukifuata wakati wowote. Badala yake dada mtu akasaini kama mdhamini. Simu ikarudishwa, na kwenye karatasi ikaandikwa IMEI yake na kwamba tangu tarehe ile haiko tena kwa mshonaji. Mstari huo nilimsisitiza asiondoke bila kuupata, maana laini yake ilikaa ndani ya simu ile wiki tatu na kumbukumbu zake zipo.

Kamera bado hana. Anapiga picha kwa simu ya kijana wake wa kazi, na ameniomba nikisikia kuna simu ya uhakika nimwambie. Juzi nilimtajia moja, ya mteja wangu ninayemfahamu anakokaa. Kabla hata ya bei aliuliza kama risiti ipo.

Elfu arobaini ya kwanza iliingia kwa wakati. Ya pili ilichelewa siku tisa, na ilipoingia, jina kwenye ujumbe lilikuwa la dada mtu. Bado elfu themanini.